Uzoefu wangu: kutafuta nasaba ya walowezi wa Norwei waliofika Minnesota

Nimeolewa katika ukoo wa Wanorwei wa Minnesota. Mama mkwe wangu alipofiwa na kaka yake wa mwisho aliniomba nimtafutie walikotoka wazee wao, kwa kuwa waliokuwa wakijua wote wameshaondoka. Nimetumia FamilySearch, Digitalarkivet ya Norwei na huduma ya Nyaraka za Taifa za Marekani. Vilevile nililipia tovuti moja kubwa ya nasaba ambayo sitaitaja jina. Nawaandikia wenzangu tulio huku ugenini, mliooa au kuolewa katika familia kama hizi na mnataka watoto wajue na upande wa pili, maana pesa inaweza kuwatoka bure.

Nianze na hiyo ya kulipia. Ukishaingiza majina mawili matatu, inakuletea mti mzima wa ukoo uliokwisha kuchorwa na watu wengine. Ilimletea mama mkwe babu mwenye jina lilelile na umri uleule, ila wa mkoa mwingine kabisa wa Norwei. Miti kibao ilikuwa imemnakili mtu huyo, na katika yote hiyo mke wake anaonekana amefariki kabla mtoto wake wa mwisho hajazaliwa. Hakuna aliyesimama kulitazama hilo. Niliiuliza huduma yao kwa wateja, nikajibiwa kwamba miti ni mali ya waliochora. Sawa, lakini ndiyo wanayotuuzia.

FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao kazi hii wameianza tangu 1894. Kwa familia ya wahamiaji, hazina kubwa humo ni sensa za Marekani. Sensa ya 1900 ndiyo niipendayo kuliko zote: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, miaka ya ndoa, na kila mama ameulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kwenye mstari wa bibi yetu karani ameandika kumi, halafu saba. Mama mkwe hakuwahi kuambiwa kuhusu hao watatu. Tulikaa na ukurasa ule muda mrefu.

Sensa ya 1890 usiitafute. Sehemu kubwa iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921. Bahati nzuri Minnesota ilikuwa ikifanya sensa zake yenyewe, na zile za 1885 na 1895 zinaziba pengo.

Hapo ndipo simulizi ya familia ilipoanza kugongana na karatasi. Mama mkwe amekua akiambiwa kwamba mzee wa ukoo aliyehamia Marekani alipita Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji kule New York, na karani wa pale akambadilishia jina. Haiwezekani: mzee aliingia 1869, na Ellis Island ilifunguliwa 1892. Wanorwei wengi wa miaka ile walishukia Quebec, Kanada, kisha wakaendelea kwa treni na meli za maziwani hadi bara. Na jina hakubadilishiwa na mtu. Wanorwei wa vijijini hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto wa Hans aliitwa Hansen, dada yake Hansdatter, na baada ya hapo linafuata jina la shamba walipokaa. Wakihama shamba, jina nalo linabadilika. Sisi tuliozoea bin na binti hatupati tabu na mpango huu, ila Wamarekani unawachanganya sana, na ndiyo sababu miti yao inakosewa mno. Alipofika Minnesota akakuta wilaya imejaa akina Hansen, akashika jina la shamba. Ukitafuta ukoo wa Kinorwei, basi, tafuta kwa jina la kwanza, jina la baba na shamba kwa pamoja. Jina la ukoo la leo liache kando kwanza.

Digitalarkivet ni ya Nyaraka za Taifa za Norwei, nayo ni bure hata bila akaunti. Ina sensa za 1801, 1865, 1875 na nyingine za baadaye, vitabu vya kanisa vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na orodha za wahamiaji zilizoandikwa na polisi bandarini. Mwandiko wa wachungaji wa zamani ni mgumu kweli, jiandae kwa hilo, na usitumie simu; tumia kompyuta yenye kioo kikubwa. Lakini sensa ya 1865 imeshachapwa na inatafutika kwa jina. Hiyo inaandika mpaka mifugo na mbegu. Nilimkuta mzee akiwa kijana nyumbani kwa baba yake, ambaye ameandikwa husmann, yaani mtu asiye na ardhi yake, anayepewa kibanda pembezoni mwa shamba la mwingine na kulipia kwa siku za kazi. Mali yao yote: ng'ombe mmoja, kondoo wanne, na mbegu za viazi.

Sasa linganisheni na faili la ardhi. Sheria ya Homestead, aliyoitia saini Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano, hata kama bado si raia, mradi ametangaza nia ya kuwa raia. Hatimiliki yenyewe unaiona bure kwenye GLO Records, tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya Marekani inayosimamia ardhi ya serikali, ila haisemi mengi. Chukua namba zilizomo, uagize faili zima kutoka Nyaraka za Taifa kule Washington kwa malipo. Letu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Ndani mna ushahidi wa kiapo wa mzee mwenyewe na majirani wawili: nyumba ya magogo, futi 14 kwa 16, paa la udongo na nyasi, zizi, kisima, ekari alizokwisha kulima. Jirani mmoja anaeleza kwamba mavuno ya miaka miwili yaliliwa na nzige. Ni kweli tupu; nzige waliitafuna Minnesota kuanzia 1873 hadi 1877. Na chini kabisa mzee ametia saini, kwa mkono unaokandamiza kalamu, jina la shamba lile ambalo baba yake aliishi kwa hisani ya mwenye mali. Mama mkwe aliipitisha kidole saini ile, akaniambia, "Mwanangu, sasa namwona."

Kuna jambo moja hakuna karatasi ya faili iliyolitaja, nami nimeliandika kwenye daftari la watoto. Ardhi ile ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huku. Mikataba ya 1851 iliwaondolea sehemu kubwa, ikafuata vita ya 1862 kati yao na Marekani, wanaume wao 38 wakanyongwa mjini Mankato siku moja tarehe 26 Desemba, na mwaka uliofuata waliobaki wakafukuzwa. Mzee wetu aliandikisha kiwanja chake 1871. Mume wangu alisita kidogo, kisha akasema liandikwe kwenye ukurasa uleule wa hatimiliki. Nimeliandika hapo.

Kwa atakayeanza leo: anza na wazee walio hai, rekodi sauti zao, kisha FamilySearch kwa sensa, kisha hatimiliki, na Norwei iwe ya mwisho, ukishajua parokia. Sensa za Marekani huandika "Norwei" tu, na karatasi za uraia za kabla ya 1906 nazo mara nyingi haziendi zaidi ya hapo. Parokia yetu niliipata katika kitabu cha kanisa la Kilutheri la huku, palipoandikwa kila muumini na alikotoka.

FamilySearch na Digitalarkivet nawapa nyota tano. Faili la ardhi ndilo pekee nililolipia ambalo ningelilipia tena. Usajili wa ile tovuti nyingine nimeufuta.