Nimesuka upya nyaya za reli ya vigari nyumbani: uzoefu wangu na kontrola za waya tatu

Chumba cha nyuma hapa kwangu Reading, Uingereza, kina reli ya vigari vya mfereji yenye njia mbili, kama mita 11 kwa mzunguko mmoja. Kwa miezi minne niliitumia kama nilivyoinunua. Sasa nimemaliza miezi miwili mingine baada ya kung'oa nyaya zote na kuanza upya, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba nimeona niandike kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayefikiria kununua gari jipya la bei kumbe shida iko chini ya meza.

Kwa asiyevijua: ni vigari vya umeme vya kipimo cha 1:32, vyenye ulimi wa plastiki unaoingia kwenye mfereji wa njia. Kila upande wa mfereji kuna reli ya chuma, na brashi mbili za shaba chini ya gari zinachota umeme humo. Usukani hakuna. Kazi yote ni ya kidole kimoja kwenye kontrola, kifaa cha mkononi cha kuongeza na kupunguza kasi. Scalextric, jina ambalo Waingereza wengi huviita vigari hivi vyote, ilianza mwaka 1957 kwa ubunifu wa Fred Francis, na reli za analogi hadi leo zinafuata kanuni ileile: ukibonyeza gari linapata umeme, ukiachia linakosa.

Zangu nilizipata kwenye soko la mitumba la Jumapili, zikiwa boksi zima la vipande vilivyochanganywa, na transfoma isiyo hata na nembo. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyegundua ubovu kabla yangu. "Baba, mbona langu likifika kule dirishani linachoka?" Kweli lilikuwa linachoka. Na kulikuwa na jambo la pili lililokuwa linamliza kabisa: gari langu likiruka nje ya njia, la kwake lilichomoka ghafla na kuruka nalo kwenye kona inayofuata. Alikuwa anaadhibiwa kwa kosa langu.

Nikachukua mita ya kupimia umeme. Kwenye kipande cha kuingizia umeme nilipata volti 12.1. Kule dirishani, gari likiwa limeshikwa na tairi zinazunguka, zilibaki 8.7. Pima hivyohivyo, gari likiwa linavuta umeme, kwa sababu ukipima reli tupu utaambiwa kila kitu ni kizima. Reli hizi ni za chuma, si shaba, na kila kiungo cha kipande na kipande kinakula kidogo. Vikishika kutu, vinakula sana. Yale ya gari kuchomoka yalitokana na transfoma: ilikuwa dhaifu, magari mawili yakigawana kidogo kilichopo, basi moja likitoka lingine linapata fungu lote kwa mpigo.

Dawa ya kwanza ni nyaya za nyongeza chini ya meza. Nimepitisha waya wa milimita mraba 1.5 kuzunguka reli yote, na takriban kila baada ya mita tatu nimepandisha matawi hadi kwenye reli na kuyachomea kwa risasi. Hapa naomba uwe mvumilivu. Geuza kipande, kwangua ulimi wa reli kwa msasa mpaka ung'ae, upake risasi peke yake kwanza, waya nao upake peke yake, kisha viunganishe kwa mguso wa sekunde mbili. Kipande changu cha kwanza nilikishikia chuma cha moto muda mrefu, plastiki ikalainika, reli ikainuka kama unene wa kucha, na kila gari lililopita hapo liliruka. Nilikitupa. Vilivyofuata vilitoka safi, na leo kule dirishani haipungui hata volti 0.3.

Transfoma nimeiweka kando, nikanunua pawa saplai ya wenye redio za upepo, ya ampea 10, yenye kitufe cha kupandisha na kushusha volti kati ya 9 na 15. Sijutii senti. Gari moja likitoka, lingine halijui kama kuna kilichotokea. Marafiki wa binti yangu wakija naiweka 10, sisi wawili tukibaki tunapandisha hadi 12.5. Aliye Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, asihangaike kuagiza: zile pawa saplai za kamera za CCTV, volti 12 ampea 10, zinaifanya kazi hii. Ila nyingi zina skrubu za umeme wa ukutani zilizo wazi, kwa hiyo zifungie ndani ya boksi lenye matundu ya hewa kabla mtoto hajakaribia.

Sasa kontrola. Nimechukua mbili za kampuni ya Parma, za ohm 45 (ohm ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kontrola inazuia umeme), za mtumba, umbo la bastola. Zile za zamani zilikuwa na waya mbili tu: ukiachia, umeme unakatika na gari linaserereka linavyotaka. Hizi zina waya tatu. Mweupe unatoka chanya ya pawa saplai, mweusi unakwenda kwenye reli moja ya njia yako, mwekundu unarudi hasi, ambako ndiko inakorudi reli ya pili. Ukiachia kidole, mweusi na mwekundu vinagusana ndani, reli mbili zinakuwa kitu kimoja, na mota inayozunguka inageuka jenereta inayojizuia yenyewe. Hilo ndilo breki. Mara ya kwanza binti yangu alipoachia kabla ya kona na gari likatulia pale pale, alinyamaza, akarudia, akarudia tena, halafu akaniambia, "Linanisikiliza."

Weka fyuzi kwenye kila njia. Zangu ni za ampea 3. Kwenye njia ya pili nilipishanisha waya mweusi na mweupe kwenye plagi (natumia plagi za maikrofoni za pini tatu), na kwa kosa hilo kontrola ikiwa imetulia inaunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Nilipowasha tu, fyuzi ikakatika. Bila hiyo ingekuwa waya ulioungua. Gari likirudi kinyumenyume usiogope, geuza tu waya mbili zinazoingia kwenye reli za njia hiyo, ndani ya plagi usiguse.

Kuhusu ohm, shemeji yangu aliniazima za 25 kabla sijanunua. Kwa mota zangu ndogo zilikuwa kali mno. Ukigusa tu gari limeshaondoka. Za 45 zinakupa nafasi ya kuanza taratibu na kuongeza kidogo kidogo. Mwenye magari yenye mota zinazovuta umeme mwingi atazitaka zile ndogo. Kontrola yoyote ya aina hii hupata joto, kwa kuwa umeme unaozuiwa ndani yake lazima uende mahali, kwa hiyo baada ya mbio ndefu tunazipumzisha dakika chache huku tukifuta reli kwa kitambaa.

Jumla, bila magari, imenigharimu kama pauni 110 na wikendi tatu. Jumamosi iliyopita binti yangu alimaliza mizunguko 20 bila kutoka hata mara moja, na pale dirishani alinipita.