Kibodi inayojua Kiswahili: mpangilio wangu wa herufi baada ya miezi saba

Karibuni tena, wadau. Kabla sijasema chochote, kama upo kwenye kompyuta, weka mikono kwenye kibodi, vidole vya shahada juu ya F na J. Sasa chapa neno "nyumba". Polepole. Kitazame kidole chako cha shahada cha kulia. N, yeye. Y, yeye. U, yeye. M, yeye tena. Herufi nne mfululizo anapanda na kushuka peke yake, wenzake tisa wamekaa kama wageni wa harusi. Haya, chapa "huyu". Neno zima ni yule yule.

Leo sina boksi la kufungua. Nachambua mpangilio wa herufi, yaani herufi ipi ikae chini ya kidole kipi, na huo mpangilio nimeutengeneza mwenyewe. Nimeutumia miezi saba kwa kazi yangu ya kila siku, ambayo ni kuandika programu mchana na kuandika Kiswahili usiku. Gharama yake ni shilingi sifuri. Gharama nyingine zipo, nitazisema.

Kwanza, huu tunaoutumia wote, QWERTY. Ni kazi ya Christopher Latham Sholes, mtu wa Milwaukee kule Marekani, na kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine zake mwaka 1874. Mtasikia ikisemwa ulipangwa makusudi kuwachelewesha wachapaji ili mashine isikwame. Hadithi tamu, ila mwaka 2011 watafiti wawili wa Kyoto, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, waliipinga wakaonyesha mkono wa watu wa telegrafu, yaani ujumbe wa kupitia nyaya, katika kuupanga. Kwangu mimi haibadilishi kitu. Kwa vyovyote vile, hakuna aliyekaa chini akajiuliza Mswahili ataandikaje "nyumba".

Ila hata waliokuja kuurekebisha hawakujiuliza. Hapo ndipo nilipopotezea miezi yangu miwili ya mwanzo.

Nilianza na Dvorak, wa August Dvorak, profesa wa Seattle, uliopata hataza mwaka 1936. Upo tayari ndani ya Windows, ndani ya Mac, ndani ya Linux, unauwasha tu. Wazo lake lilinipendeza kweli: irabu zote tano zipo mkono wa kushoto, safu ya kati, na konsonanti nyingi zipo kulia. Nikasema huu ndio wetu! Kiswahili si ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu? Ba, be, bi, bo, bu. Mikono itapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Sasa chapa "kupika" kwa Dvorak. Nawawekea hapa picha ya kibodi muone. K ipo kushoto, safu ya chini, kidole cha shahada. U ni kidole cha shahada cha kushoto. P, kushoto, shahada. I, kushoto, shahada. K tena. Ni A peke yake iliyokwenda kidole kidogo, na yenyewe ni kushoto. Herufi tano, kidole kimoja, mkono wa kulia umelala usingizi. Kwa Kiingereza K haitumiki sana, kwa hiyo profesa aliitupa pembeni na wala simlaumu. Lakini sisi tuna ku- ya kila kitenzi, tuna ki- ya vitu, tuna "kwa", tuna "ka" ya hadithi: akaenda, akakuta, akakaa. K kwetu ni nguzo ya nyumba.

Nikahamia Colemak, wa mwaka 2006, kazi ya Shai Coleman. Huu ni mpole zaidi. Unahamisha vitufe 17 tu kutoka QWERTY, na Z, X, C, V zinabaki mahali pake, kwa hiyo kunakili na kubandika hakuharibiki. Kwa Kiingereza ni mtamu, sibishi. Ila hebu tazama kidole cha shahada cha kulia kwenye Colemak kimebeba nini: J, L, H, N, K na M. Halafu fikiria ngeli ya m-. Mjomba. Mlango. Mhariri. Mnazi. Mkate. Kila mmoja hapo anaanza na herufi mbili za kidole kile kile. Ningetaka kumkomoa Mswahili kwa makusudi nisingefaulu hivyo.

Nikaacha kulalamika nikaanza kuhesabu. Chukueni sentensi moja tu, ya kwanza ya kifungu cha kwanza cha Tamko la Haki za Binadamu kwa Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Ina herufi 42. A ziko ngapi? Kumi. Karibu robo ya sentensi. E ziko mbili. Baadaye nikapitisha maandishi yangu ya mwaka mzima kwenye programu ndogo ya kuhesabu na A ikaongoza vilevile, kwa mbali. Na A ipo wapi kwenye QWERTY? Kidole kidogo cha kushoto. Dvorak? Hapo hapo. Colemak? Hapo hapo! Watu wamehamisha herufi miaka na miaka, na A imebaki kwa kidole dhaifu kuliko vyote, kwa sababu herufi waliyokuwa wanaihangaikia wao ni E.

Basi, wangu ni huu. Nasoma safu ya kati. Kushoto, kuanzia kidole kidogo: S, M, K, N. Kulia, kuanzia kidole cha shahada: A, I, U, O. E ipo juu ya U. W ipo juu ya N, kwa sababu n na w ni nadra kufuatana, na Y ipo juu ya K, kwa sababu hazifuatani kabisa. G ipo chini ya K, ili "ng" iwe kidole cha shahada kikifuatwa na cha kati, unaitelezesha tu kama unabwaga karata. Mkono wa kushoto una nafasi 15 na konsonanti zetu ni nyingi kuliko hapo, kwa hiyo F, V, P na Z zimehamia kulia, safu ya chini. Q na X nimeziweka juu na chini ya A. A ina kazi nyingi mno, sikutaka kidole chake kipewe kibarua kingine.

Hili si toleo la kwanza. Toleo la kwanza O niliiacha pale pale ilipo kwenye QWERTY, yaani juu ya U, na E ikakaa kwa kidole kidogo. Kwenye karatasi ilipendeza. Siku ya pili nikaandika habari ya mwanafunzi na sare yake: nguo, chuo, kituo, huo, huo, huo. Kila U ikifuatwa na O kidole cha pete kinaruka. Nikazibadilisha E na O, na sasa wanaoumia ni "nyeusi" na "nyeupe". Nimekubali. Ukitengeneza mpangilio, kila ukimpendelea huyu unamkwaza yule, na mwisho wa siku unaamua tu ni maneno gani unayaandika mara chache.

Kuutengeneza nimetumia programu inaitwa kanata. Ni ya bure, inafanya kazi Windows, Linux na Mac. Unaandika faili la maandishi ya kawaida: sehemu ya kwanza unaorodhesha vitufe ulivyonavyo, sehemu ya pili unaandika kila kimoja kiwe nini. Ukikosea mstari inakataa kuwaka na inakuonyesha ni wapi. Inaweza pia kukipa kitufe kimoja kazi mbili. Caps Lock yangu nikiigusa ni Escape, nikiishikilia ni Ctrl. Na nikishikilia Ctrl, herufi zote zinarudi QWERTY, kwa hiyo kunakili na kubandika kupo pale pale mikono inapopajua.

Kwa wanaoandika kodi, na ninasema kodi ya programu, siyo ile ya TRA, sikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo sehemu iliyonifaidisha kuliko zote na haihusiani na herufi hata kidogo. Kwenye kibodi ya kawaida kidole kidogo cha kulia ndicho mtumwa wa nyumba. Mabano ya mraba, yeye. Mabano ya mawimbi, yeye, tena na Shift. Nukta-mkato, nukta mbili, alama za kunukuu, mkwaju, jumlisha, sawasawa, Enter, kufuta, vyote yeye. Nikatengeneza tabaka la pili. Nikishika Alt ya kushoto kwa kidole gumba, mkono wa kulia unageuka wote kuwa mabano na alama, safu ya kati, bila kunyanyua kiganja. Nawaonyesha: nafungua, nafunga, nafungua, nafunga. Umeona mkono ulivyotulia? Tabaka hili nilijifunza kwa siku nne. Herufi zilinichukua miezi mitatu.

Hiyo miezi mitatu sasa. Kwa QWERTY nilikuwa nachapa maneno 62 kwa dakika. Siku ya kwanza ya mpangilio mpya nilichapa 6. Sita, wadau. Kumbuka "neno" kwenye vipimo hivi ni herufi tano, kwa hiyo "tutakapowasiliana" inahesabiwa zaidi ya maneno matatu, na mimi kuimaliza ilikuwa kama kusubiri maji yachemke kwenye jiko la mkaa lenye unyevu. Nilifanya dakika ishirini asubuhi, ishirini usiku, mchana narudi QWERTY kwa sababu kazi ya watu haingoji. Wiki ya tatu ndiyo mbaya. Mpya hujaushika, wa zamani umeanza kukutoka.

Wiki hiyo nilikwenda ofisini kwa mteja, akaniomba niandike kitu kwenye kompyuta yake. Nikataka kuandika "sawa". Kwenye kioo ikatokea "ajrj". Nikafuta, nikaandika tena, "ajrj". Yule baba akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kwa upole kama ninahitaji miwani.

Lingine sikulitarajia: nywila. Nilikuwa na nywila ambayo kichwa hakiijui, mikono ndiyo inayoijua. Mikono ilipobadilika nikasimama mbele ya akaunti yangu mwenyewe kama mgeni mlangoni. Ilibidi nichore kibodi ya QWERTY kwenye karatasi, nifumbe macho, niichape hewani, halafu nisome vidole vimegusa wapi. Andikeni nywila zenu mahali salama kabla ya kuanza. Na laptopu isiwe ya familia. Mdogo wangu aliikuta imewaka, akataka kuandika "dada", ikatoka "ksks". Akadhani nimemwekea programu ya kufukuza paka.

Leo nachapa 66. Ndiyo, kutoka 62. Aliyekuja kutafuta kasi ameumia roho, samahani. Faida yangu ipo kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nikimaliza makala ndefu kidole kidogo cha kushoto kinauma hadi kwenye kiwiko, na hayo maumivu sijayasikia tangu mwezi wa nne. Siwezi kuwaahidi yatawatokea nanyi, mimi si daktari. Nasema mkono wangu.

Udhaifu? Kiingereza. E ipo safu ya juu, kwa hiyo "delete" inamrusha kidole cha pete mara tatu, na kwenye kodi "delete", "else" na "element" hazikwepeki. Ukiandika programu tu, na Kiswahili chako kinaishia kwenye ujumbe wa simu, mpangilio huu haukufai. Chukua Colemak, au baki na QWERTY yako na ujitengenezee lile tabaka la alama tu. Kama wewe ni mwandishi, mfasiri, karani wa mahakama, mtu anayekula kwa Kiswahili na anayechapa kwa saa nyingi, hapo tuna la kuzungumza. Na kama unatumia kompyuta za watu wengi kwa siku, achana nao kabisa, utateseka bure.

Kuna watakaoniuliza kuhusu kibodi zilizogawanyika vipande viwili, kama Corne yenye vitufe 42. Sina. Sichambui nisichokigusa. Haya yote nimeyafanya kwenye laptopu ya kawaida, ambayo kama mnavyoona kitufe chake cha B kimeshapauka.

Ukilijaribu faili langu la kanata, kosa watu wanalolifanya ni kuliwasha halafu wakashindwa hata kuandika amri ya kulizima. Shika Ctrl ya kushoto, spesi na Escape, vyote kwa pamoja. Hivi. Kanata inajizima yenyewe na umerudi QWERTY.