Tahadhari: swichi za kukata betri zenye temino nne za bandia

Ndugu madereva na mafundi wa magari ya mbio, ninawatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza mitandaoni kwamba ana swichi kuu za betri "zilizoidhinishwa na FIA" (Shirikisho la Kimataifa la Magari, linalosimamia kanuni za mbio), akipokea malipo kwa simu na kutuma mzigo kwa basi. Nilinunua moja kwa shilingi 6,500 kwa ajili ya gari letu la rali, na ubovu wake ukajitokeza mbele ya wakaguzi, siku moja kabla ya mashindano: mkaguzi alizungusha ufunguo mwekundu kuelekea upande wa kuzima, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeugusa.

Kanuni za FIA zinataka swichi hiyo ikate umeme wote wa gari na pia izime injini, na iweze kufikiwa kutoka ndani na nje. Kukata betri peke yake hakutoshi, kwa sababu injini inapozunguka alteneta huendelea kuzalisha umeme na kuulisha mfumo wa kuwasha. Ndiyo maana swichi halisi ina temino (ncha za kufungia waya) mbili nene za waya wa betri na nyingine nne ndogo. Jozi moja ya hizo ndogo hukata waya wa koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche za kuwasha injini, ili injini ife. Jozi ya pili hujiunga swichi inapozimwa, ikaupeleka umeme uliosalia wa alteneta kwenye bodi ya gari kupitia rezista (kizuizi cha umeme) ya takriban omu 3, ili msukumo wa ghafla wa volti usiunguze dayodi za alteneta wala kompyuta ya injini.

Tulipoifungua swichi yetu, tulikuta temino zote nne ndogo ni za bandia: jozi ya koili imeunganishwa moja kwa moja kwa kipande cha waya kisichokatika hata swichi ikizimwa, jozi ya rezista imekwama katika plastiki tupu, bila kuunganishwa na chochote, na rezista haikuwamo kwenye pakiti. Zile nene, ambazo muuzaji alisema ni shaba tupu, zilinaswa na sumaku, ilhali sumaku hainasi shaba. Fundi wetu alikuwa amefunga kila waya mahali pake, nami nilikuwa nimeanza kumlaumu bure.

Kabla ya kulipa, pimeni kwa mita ya umeme swichi ikiwa mkononi, haijafungwa popote. Ikiwa imewashwa, jozi nene na jozi ya koili zipitishe umeme, na jozi ya rezista isipitishe. Ikizimwa, matokeo yageuke yote. Muuzaji akikataa kupimwa kwa bidhaa yake, ondokeni. Wala msishawishike na stika ya pembetatu ya buluu yenye cheche nyekundu anayoitoa kama zawadi, kwani kazi yake ni kuwaonyesha waokoaji mahali swichi ilipo, na haithibitishi ubora wa kitu chochote.

Nilipodai fedha zangu, alinijibu kwamba nimeiunguza mwenyewe kwa kuifunga vibaya, kisha akanifungia namba. Ukurasa wake sasa una jina jipya, lakini picha ni zilezile: swichi sita zilizopangwa juu ya kitambaa cha kijani. Aliyekwisha kununua aiwashe injini gari likiwa limesimama na azungushe ufunguo. Injini isipozima, gari hilo lisiingie mashindanoni mpaka swichi ibadilishwe.