Uzoefu wangu na mtandao wa broka za ActiveMQ: ujumbe hubaki wapi seva inapozimika?

Nimetumia ActiveMQ Classic, programu ya broka (seva inayopokea ujumbe kwa watumaji, kuutunza na kuwafikishia wapokeaji), kwa muda mrefu kusafirisha ujumbe kati ya mifumo ambayo haipaswi kupoteza hata oda moja, na jambo ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba kuunganisha broka kadhaa kuwa mtandao hakuongezi nakala za ujumbe. Ujumbe wa foleni, yaani ule unaosubiri kuchukuliwa na mpokeaji mmoja, hutunzwa na broka moja tu kwa wakati mmoja. Broka A ikiupeleka kwa B, husubiri B ithibitishe kuupokea, kisha huufuta kwake. B ikizimika baada ya hapo, ujumbe bado upo kwenye diski ya B, lakini hakuna wa kuufikia mpaka B iwashwe tena.

Kwa upande wa uhifadhi, KahaDB, sehemu ya ActiveMQ inayoandika ujumbe kwenye diski, imeniridhisha. Ujumbe huwa wa kudumu isipokuwa mtumaji aseme vinginevyo, na nje ya muamala (kundi la hatua zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote) mtumaji husubiri hadi broka iuandike kwenye diski. Wanaolalamikia kasi ningewashauri wasizime usubiri huo, bali wakusanye ujumbe mwingi ndani ya muamala mmoja, kwa sababu hapo kinachosubiriwa ni uthibitisho wa mwisho tu.

Kinachoziba pengo la mtandao ni kuipa kila broka mwenzake wa akiba, wote wawili wakitumia hifadhi moja. Anayeshika kufuli la faili ndiye anayefanya kazi. Mwingine husubiri bila hata kufungua mlango wa 61616, ule wa kupokea miunganisho. Nilipoua mchakato wa broka kuu kwa makusudi, huku nikiifuatilia logi ya broka ya akiba, niliiona ikijaribu kufuli kila baada ya sekunde 10, kama mpangilio wa kawaida ulivyo, kisha ikalipata, ikasoma faharasa na kuanza kupokea miunganisho. Hifadhi ikiwa ya NFS (mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao), tumia toleo la 4, kwani katika toleo la 3 kufuli linaweza kubaki limeshikwa na seva iliyokwisha kufa, na broka ya akiba ikasubiri bila mwisho.

Programu zinazotuma na kupokea huandikiwa anwani ya failover (ya kuhamia broka nyingine moja ikishindwa) yenye broka zote mbili, nazo hujiunganisha upya zenyewe. Hili ni jema, ila lina sehemu mbili za kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza ni kwamba, bila kuweka kikomo cha muda, mtumaji asiyepata broka yoyote hukwama palepale bila kurudisha kosa, na mtumiaji wa mwisho huona skrini iliyoganda; mimi huweka timeout=3000, yaani sekunde 3, ili programu ijue kwamba imeshindwa na ichukue hatua. Ya pili ni marudio: muunganisho ukikatika baada ya diski kuandikwa lakini kabla ya uthibitisho kumfikia mtumaji, ujumbe hutumwa tena. Broka hujitahidi kuyachuja marudio hayo, lakini bado naona ni lazima mpokeaji aandike kitambulisho cha kila oda kwenye jedwali lisiloruhusu kurudiwa, ndani ya muamala uleule unaobadilisha data.

Tatizo lililonisumbua kuliko yote halihusu seva kufa. Mpokeaji aliyekuwa B anahamia A, na ujumbe ambao A ilikwisha kuupeleka B unabaki huko, kwa sababu mtandao hukataa kuurudisha ulikotoka ili usizunguke milele. Broka zote ni nzima, miunganisho yote ni sawa, lakini foleni ya B ina ujumbe na haina mpokeaji. Dawa yake ni kuwasha replayWhenNoConsumers, mpangilio unaoruhusu ujumbe kurudishwa ulikotoka pasipokuwa na mpokeaji, kwenye sera ya foleni husika, jambo ambalo ningependa liwe la kawaida badala ya kuachiwa kila msimamizi aligundue mwenyewe. Ukiiwasha, usitegemee tena mpangilio wa ujumbe: uliorudishwa unaweza kufika nyuma ya ule uliotumwa baada yake.