Zawadi za Krismasi kwa watoto wadogo: tumepima mitumba ya Kibuye

Mzazi wa Kisumu mwenye watoto wa chini ya miaka 7 atapata zawadi bora za Krismasi soko la Kibuye, upande wa mitumba, Jumapili asubuhi. Tunasema hivyo tukijua vizuri kwamba maduka makubwa ya mjini hujaza rafu za toi mapema. Toi mpya za bei ya chini nyingi ni plastiki nyembamba: gari hulia na kumulika siku mbili, ya tatu ekseli imechomoka. Toi ya mtumba imeshachezewa na mtoto mwingine huko ng'ambo. Iliyokuwa ya kuvunjika ilivunjika huko huko.

Upungufu wa Kibuye unajulikana. Hakuna dhamana, na kitu ukishaondoka nacho ni chako. Ndiyo maana ukaguzi wote ufanyike pale pale kabla ya kulipa, na muuzaji mzuri hakatai. Akikunyima nafasi ya kufungua kifuniko cha betri, msukumie toi yake na uende kwa wa pili.

Nenda mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba. Krismasi ikikaribia, bei hupanda na kilichobaki ni fagia, yaani masalio ya bei ya chini. Fika bale (marobota ya mitumba) zikifunguliwa, kwa sababu kamera, yaani vitu bora kabisa vya bale, huchukuliwa kwanza na wachuuzi wanaokwenda kuuza tena kwingine. Mtoto abaki nyumbani. Akishakumbatia mwanasesere mbele ya muuzaji, bei haishuki tena. Beba bisibisi ndogo ya nyota, betri 3 za AA na 3 za AAA, na lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya choo ikiisha. Bomba hilo lina kipenyo cha karibu sentimita 4, na kipande chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3.

Bidhaa tunayoipa alama ya juu kuliko zote ni matofali ya kujengea. Yale makubwa ya Duplo yanamfaa mtoto kuanzia mwaka mmoja na nusu, na yale madogo ya Lego kuanzia miaka 4 hivi. Duplo ni kubwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, na zote mbili zinashikana, kwa hiyo ukinunua Duplo leo hazitatupwa mtoto akikua. Kutambua za kweli ni rahisi: angalia kila kinundu cha juu, utakuta jina limechorwa ndani ya plastiki yenyewe. Halafu bandika mbili, uzishike ya juu tu, uzitikise. Za bandia nyingi huachana hapo hapo, au hukaza mpaka mtoto anaita mtu mzima kila dakika. Nunua zilizochanganyika kwenye mfuko mmoja, vipande 30 hadi 40 vinatosha kuanzia. Vipande vichache vya umbo la ajabu visikutie tamaa. Matofali ya kawaida yenye vinundu 4 na 8 ndiyo yanayojenga nyumba, daraja na zizi la ng'ombe.

Mafumbo ya picha za kukata ni mazuri ila yana hila yake. Hesabu vipande kabla ya kulipa, na ulinganishe na namba iliyo kwenye boksi. Kikikosekana kimoja, mtoto wa miaka 4 atalia kila akifika mwisho. Kwa umri huo chukua ya vipande 12 hadi 24, ya mbao ikipatikana.

Toi za betri zinahitaji macho zaidi. Fungua kifuniko uangalie springi. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, betri ya zamani ilivuja. Ukiwa mchache, husafishika kwa pamba iliyochovywa siki, kisha ukaushe vizuri. Ukiwa umekula chuma, iache. Weka betri zako, jaribu kila kitufe, tikisa toi ikiwa inalia. Sauti ikikatika, waya umelegea ndani.

Kuna jambo moja ambalo hatuna mjadala nalo: betri za kitufe, zile bapa za mviringo zinazotumika kwenye saa, vitabu vinavyoimba na viatu vya taa. Ile ya CR2032 ina kipenyo cha milimita 20, inatosha kukwama kooni mwa mtoto mdogo, na inaweza kuchoma umio vibaya ndani ya saa 2. Toi yoyote ya betri hizo lazima kifuniko chake kifungwe kwa skrubu, na skrubu iwepo na ikaze. Ikikosekana, usinunue hata ukipewa kwa bei ya peremende. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe. Kimbia hospitali yenye eksirei wakati huo huo.

Baiskeli ni zawadi inayotamaniwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibika vibaya ikinunuliwa kwa haraka. Gurudumu la inchi 12 ni la miaka 3 hadi 4, inchi 16 ni la miaka 5 hadi 6. Usinunue kubwa ili "aikulie", kwa sababu asiyefika chini kwa vidole vya miguu hawezi kujizuia, na ataiogopa. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga shingoni, beringi zimelegea au zimekwisha. Zungusha kila gurudumu ukiwa umeliinua. Likiyumba na kugusa breki, spoku zinahitaji fundi. Chukulia kwamba utabadilisha tyubu na kebo za breki, na utoe gharama hiyo kwenye bei unayoitaja.

Magurudumu madogo ya pembeni watu wengi huyafunga vibaya. Yasiguse chini yote mawili kwa pamoja; yaache sentimita moja hivi juu ya ardhi. Yakikaza chini, kwenye uwanja wa boma wenye mashimo gurudumu la nyuma hubaki likining'inia hewani, mtoto anapiga pedali bila kusonga. Kama breki ni ya kurudisha pedali nyuma, nayo haishiki. Na kama baiskeli itapanda keria ya matatu kwenda Bondo au Vihiga, geuza usukani uwe sambamba na gurudumu, na ukifika kaza nati zote upya kabla mtoto hajaipanda.

Vitambaa na manyoya tunavipa alama ya chini, kwa sababu ya kunguni. Mwanasesere wa manyoya unayempenda sana mtumbukize kwenye maji ya moto sana, kisha anika juani siku mbili au tatu, maana pamba ya ndani huchelewa kukauka na ikibaki na unyevu huota ukungu. Plastiki ni rahisi: osha kwa sabuni, loweka dakika 5 kwenye maji lita 2 yenye kijiko kimoja cha mezani cha Jik (dawa ya kung'arisha nguo), suuza, kausha. Zile za mpira zenye tundu chini, za kuminya bafuni, acha kabisa. Maji hubaki ndani na uchafu mweusi hutoka mtoto akizitia mdomoni. Acha pia toi ya zamani yenye rangi inayobanduka, hasa kwa mtoto anayetafuna kila kitu.

Sasa, kununua ni nusu ya kazi. Familia nyingi za huku zinafungua Krismasi ushago, yaani kijijini, ambako watoto wako wawili watakutana na binamu wanane uwanjani. Zawadi ya kifahari moja katikati ya watoto kumi huleta vita kabla chapati hazijaiva, na lawama humwangukia mtoto wako kwamba ni mchoyo. Tunachopendekeza ni kila mtoto wako apewe zawadi yake moja nyumbani Kisumu, siku mbili tatu kabla ya safari, ibaki huko huko. Ushago ubebe zawadi ya wote, na umkabidhi nyanya aitoe kwa mkono wake baada ya kanisa. Watoto hupokea vizuri kinachotoka kwa nyanya, na hakuna wa kudai ni chake.

Zawadi hiyo ya wote iwe mpira na kamba mbili za kuruka. Kwa walio chini ya miaka 8 mpira namba 3 unatosha. Namba 5 ni mzito kwa mguu mdogo. Ujaze, uzamishe ndani ya ndoo na uangalie mapovu kwenye tundu la upepo. Sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa kila mara, kwa sababu sindano kavu hurarua mpira wa ndani ya tundu, na hapo ndipo mipira mingi hufia. Beba pampu pamoja na sindano ya akiba.

Nguo mpya ya Krismasi ihesabiwe kama zawadi, watoto wanaisubiri mwaka mzima. Viatu vya shule vya Januari visifungwe kwenye karatasi ya zawadi. Hivyo ni wajibu wa mzazi, na mtoto wa miaka 5 anajua tofauti, hata akisema asante. Tenga pesa za Januari kwanza, kisha uende Kibuye na noti zilizobaki. Kwa wenye kibano, mfuko wa matofali na kitabu kimoja cha picha cha mtumba humtosha mtoto wa miaka 3, na ukienda mapema, noti ya 500 inaweza kuvilipia vyote viwili.