Kamera ndogo yenye GPS kwenye mashamba ya parachichi: niliyoyaona

Niliinunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, Februari 2024, imetumika, kwa shilingi 230,000. Muuzaji alianzia 300,000. Imetengenezwa na kampuni mojawapo ya zile kubwa za Japani, na jina lake naliacha, maana mengi nitakayoyalalamikia hapa utakutana nayo kwenye kamera za kundi hili hata ukibadilisha nembo. Siyo ya leo. Nikon walitoa Coolpix P6000 yenye GPS ndani, yaani kipokezi kinachojua mahali kilipo kwa satelaiti, mwaka 2008, miaka michache baadaye kampuni nyingine nazo zikafuata, kisha simu zikaja kuua biashara. Yangu ni ya kipindi kile cha neema. Inaingia mfuko wa koti, ina megapikseli 12, lenzi inavuta mara 20, na kioo cha mgongoni ni cha inchi 3, kina mkwaruzo pembeni nilioukuta.

Nazunguka mashamba ya parachichi: Kiwira, Kyimo, Isongole, na mara mojamoja Lwangwa kule Busokelo. Nakagua miti, naandika nani ana nini, nawatafutia wakulima wanunuzi. Wazee wananiita "bwana shamba" ingawa ni mwanamke, na nimeshachoka kubishana nao. Sasa mkulima wa Rungwe hana shamba moja. Ana miti 40 nyuma ya nyumba, 60 ng'ambo ya mto, 25 kwa shemeji yake, yote imechanganyika na migomba na mibuni. Ukifungua laptopu baada ya miezi miwili ukakuta picha 300 za parachichi aina ya Hass, hakuna hata moja inayokwambia ni ya nani. Nilitaka kitu kinachokumbuka kilisimama wapi.

Mdogo wangu aliniuliza kwa nini nisitumie simu kama binadamu wengine. Simu ninayo. Lakini chaji yake ni ya kupigia watu na kutumia pesa, na huku kwetu mvua inaweza kukushika saa sita mchana ukiwa huna hata jani la mgomba la kujifunika. Halafu kuna matunda ya juu. Mti wa miaka 12 ambao haukupunguzwa matawi, tunda lake la kileleni ukilivuta kwa simu unapata ukungu wa kijani. Kwa kamera hii nimesimama chini, nimeegemea mgomba ili mkono usitetemeke, nikaona kitundu cha funza kwenye tunda, chembamba kama kilichotobolewa na sindano, pembeni yake unga mweupe uliokauka. Ule unga ni sukari ya parachichi lenyewe, hutoka tunda likijeruhiwa. Mwenye shamba alipooneshwa kwenye kioo alinyamaza kidogo, kisha akaita wanawe wote waje waone. Kwa hilo peke yake hela yangu imerudi.

Twende kwenye GPS, ndiyo iliyonifanya nitoe pochi.

Siku ya kwanza niliiwasha uani kwangu Uyole, nikasubiri. Nikasubiri tena. Alama ya satelaiti inapepesa tu. Nikadhani nimepigwa. Kumbe kifaa hiki hakina mtu wa kukisaidia. Simu inaletewa na mtandao habari za satelaiti zilipo, ndiyo maana inashika upesi. Kamera inabidi isikilize yenyewe. Inahitaji angalau satelaiti nne, zinazopita umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila satelaiti inarudia habari za mahali ilipo kila baada ya sekunde 30. Orodha nzima ya satelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa. Kwa hiyo kamera iliyolala wiki nzima kwenye begi ikiamka inakuwa kama mgeni aliyeshushwa stendi ya Kabwe usiku. Kwangu huchukua dakika 6 hadi 10. Ikishashika, nikiizima na kuiwasha tena ndani ya saa moja au mbili, haifiki dakika.

Dawa niliyoipata: asubuhi naiweka juu ya ukuta wa choo cha nje, maana hapo anga liko wazi pande zote, halafu naenda kunywa chai. Nikimaliza chai na yenyewe imemaliza. Nikikaa kwenye Noah ya kwenda Tukuyu, naiweka dirishani, siyo mapajani.

Kuna siku niliharakishwa na dereva, chai sikunywa na kamera haikushika. Nikapiga picha 34 kwenye shamba moja la Kyimo, chini ya migomba iliyolowa, sikuangalia alama. Jioni naingiza kwenye ramani, nakuta miti yote 34 imepandwa uani kwangu Uyole. Kamera ilikosa satelaiti, ikachukua lokesheni ya mwisho iliyokuwa inaikumbuka, haikusema kitu. Mimi ningependa iache pengo kuliko kunidanganya. Mpangilio wa kuizuia nimeutafuta kwenye menyu yote, sikuupata. Siku hizi kabla ya kubonyeza naangalia: alama ikipepesa, natoka hadi penye uwazi.

Na hata ikishika vizuri, usitegemee miujiza. Kioo kinaonesha digrii, dakika na sekunde, bila nukta. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini. Miti ya Hass wengi wanapanda mita 7 kwa 7. Hesabu mwenyewe: ndani ya sekunde moja kuna miti minne kwa mstari. Ndani ya faili lenyewe namba ni nzuri zaidi, ukilifungua kwenye laptopu unaona na nukta zake, lakini chini ya majani yaliyolowa bado nimeikuta inakosea mita 10, siku nyingine 15. Inanifikisha shambani, inanifikisha upande sahihi wa mto, kuufikia mti wenyewe ni juu yangu. Nimerudi kwenye utepe wa kitambaa chekundu na namba ya kalamu ya wino mzito. Napiga kwanza picha ya utepe, ndipo napiga matunda.

Urefu kutoka usawa wa bahari ndiyo usiongelee. Nilikuwa na hamu nao, kwa sababu parachichi za mabondeni zinakomaa mapema kuliko za Isongole na mnunuzi huuliza. Uani kwangu asubuhi iliandika mita 1,770, jioni 1,815. Nyumba haijahama. GPS yoyote hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye ramani, hilo nalielewa, lakini naona bora wasingeweka.

Kuna orodha ya majina ya maeneo ya dunia iliyomo ndani, eti ikwambie uko wapi. Nikiwa Kiwira inaandika "Tanzania", halafu vistari vitupu. Nimeizima.

Tarehe nayo ilinichekesha kabla ya kuniudhi. Kuna mpangilio wa saa kujirekebisha kwa GPS. Picha niliyopiga tarehe 20 Juni 2024 ikasajiliwa tarehe 4 Novemba 2004. Nilikuwa sekondari! Sababu ni kwamba satelaiti za GPS huhesabu wiki, na hesabu ya zamani inaishia wiki 1,024, kisha inaanza upya sifuri. Mara ya mwisho ilianza upya usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho hakikupewa programu mpya kinadhani tumerudi nyuma miaka 19 na miezi saba. Lokesheni haiharibiki, tarehe tu. Nimezima mpangilio, naweka saa kwa mkono.

Kwa mliokuja kwenye ramani bila uzoefu, neno moja: sisi tuko kusini mwa ikweta. Ukiandika namba za Tukuyu kama 9.25 na 33.64 bila alama ya kutoa mbele ya ile 9, ramani inakupeleka Sudan Kusini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Nililipia bando zima nikitafuta shamba la mzee wa Ntaba huko.

Betri. Usiku mmoja niliizima ikiwa imejaa, asubuhi nakuta mstari mmoja. GPS ilikuwa imewekwa kurekodi njia, na inaendelea kutafuta satelaiti hata kamera ikiwa imezimwa, ndani ya begi, chini ya kitanda. Ukiondoa kurekodi njia, betri moja inanitosha picha 180 hivi kwenye baridi ya Isongole. Ninazo tatu: ile ya asili na mbili za kuiga za 25,000. Moja ya hizo za kuiga imevimba, usiniulize kwa nini bado ninayo.

Sasa jambo lililonifanya niandike haya yote. Oktoba iliyopita mnunuzi mmoja alinipigia, sauti ya upole, ananiita "dada yangu" kila sentensi. Anataka kuona mzigo kabla ya kuja. Nikamtumia picha kwa WhatsApp. Akasema zimefifia, nitumie kama dokumenti ili zisipungue ubora. Nikaona ni mtu anayejua kazi. Nikatuma 18, za shamba la mama mmoja wa Kyimo ambaye tulishakubaliana naye nimtafutie 1,600 kwa kilo.

Siku ya tano mama akanipigia.

"Mwanangu, ndaga fijo, asante sana. Watu wako wamefika, wamevuna vizuri."

"Watu wangu gani, mama?"

"Wale wa gari jeupe. Wamekuja moja kwa moja, hawakuuliza hata njia. Mmoja alishika simu, akaenda mpaka ng'ambo ya mto, kwenye miti ambayo hata balozi haijui. Nikasema hawa ametuma mwanangu."

Walimlipa 1,200. Kreti 46. Namba ya yule bwana haikupokelewa tena.

Nilimlaumu yeye wiki nzima, kisha ikabidi nijilaumu na mimi. Picha ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na lokesheni inaondolewa. Ukiituma kama dokumenti, faili linaenda zima kama lilivyotoka kwenye kamera, na namba zake zote. Nilikuwa nimemkabidhi ramani ya mashamba yangu kwa mkono wangu, na mama wa watu akapoteza shilingi 400 kwa kila kilo kwa kuniamini. Tofauti yake nimemlipa kidogokidogo, bado sijamaliza.

Tangu hapo picha haitoki kwangu kabla ya kusafishwa. Kwenye laptopu ya Windows unabonyeza kitufe cha kulia juu ya picha, unaingia kwenye sifa za faili, sehemu ya maelezo, chini kabisa kuna mstari wa kuondoa habari binafsi. Unachagua itengeneze nakala, ya asili ibaki nayo yenye lokesheni. Ukiwa na picha nyingi kuna programu ya bure inaitwa ExifTool inayofagia folda zima mara moja, ila ni ya kuandika amri. Na kumbuka picha ya kwanza ya kila siku, ya kujaribia. Ya kwangu ilikuwa inapigwa ukutani pale pale, kwa hiyo nimeshawahi kuwatumia watu watatu ninaowajua na mmoja nisiyemjua lokesheni kamili ya choo changu.

Ningeinunua tena? Ndiyo, lakini kwa 150,000, na kwa ajili ya lenzi kwanza. Binti wa ofisini jirani alitaka kuinunua kwa ajili ya kwenda hifadhi ya Kitulo kupiga picha za maua, nikamwambia huko ndiko itakapomfaa kuliko kwangu: uwanda uko wazi, hakuna mgomba hata mmoja, satelaiti zinashika upesi, na ua likiwa mita 10 kando ya alama hakuna anayedhulumiwa. Sikumuuzia. Nikamwelekeza dukani.

Akienda, na wewe ukienda, usikubali kujaribishiwa ndani. Dukani chini ya bati haiwezi kushika, na muuzaji atakwambia "ikitoka nje inashika" huku anafunga mfuko. Toka nayo. Simama kando ya barabara penye anga, weka betri iliyojaa, washa GPS, kaa dakika 10 kwa saa yako. Muuzaji atanung'unika dakika ya nne, dakika ya saba ataanza kuuza kava la simu kwa mtu mwingine. Wewe subiri alama itulie. Piga picha moja, hamia hatua 50, piga nyingine, fungua maelezo uone kama namba zimebadilika. Zisipobadilika, mrudishie kamera yake.