Sanamu za dinosaria: ununue ya kampuni gani kwanza?

Ukishika sanamu ya dinosaria dukani, usianze na mdomo. Meno kila kiwanda kinaweza kuchonga. Igeuze utazame miguu. Dinosaria wa jamii ya brakiosauri, wale wakubwa wenye shingo ndefu, walikuwa na ukucha mmoja tu kwenye kila mguu wa mbele, upande wa ndani, kwa hiyo ukiona kucha zimepangwa tano kama za tembo, ujue aliyechonga alikisia. T. rex awe na vidole viwili kila mkono, viganja vikitazamana, na mkia uwe hewani, usiburute chini.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni Safari Ltd ya Marekani. Ndio waliotoa sanamu za Carnegie kuanzia 1988 hadi 2015 wakishirikiana na makumbusho ya Pittsburgh, na uzoefu ule unaonekana kwenye sanamu zao za Wild Safari. Maumbile yako sahihi na bei haiumizi.

Namba mbili CollectA. Hawa wanachonga hata wanyama ambao kampuni nyingine haziwagusi. Sanamu zao za Deluxe nyingi zinafuata kipimo cha 1:40, yaani mnyama amepunguzwa mara arobaini, hivyo ukizipanga pamoja unaona kweli nani alikuwa mkubwa. Rangi ndiyo wakati mwingine imepooza.

PNSO ya China naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Ngozi yake ni kazi ya kutazama kwa karibu: magamba madogomadogo, mikunjo ya shingoni, mishipa. Lakini hizo ni za kabatini, asipewe mtoto.

Schleich ya Ujerumani ni ya nne kwa mkusanyaji. Wanaokwenda kwa miguu miwili hupewa nyayo kubwa kupita kiasi ili wasimame. Kwa mtoto wa miaka mitano, hata hivyo, ningeipandisha hadi ya kwanza: ni nzito, imara, inavumilia kutupwa. Papo ya Ufaransa inafuata. Inapendeza sana, ila T. rex wake amefuata sinema kuliko mifupa.

Zile zinazouzwa nyingi kwenye mfuko mmoja bila jina la kampuni ziache, hasa zikinuka plastiki kali. Sanamu halisi huwa na maandishi chini ya tumbo au kwenye nyayo: kampuni, mnyama, mara nyingi na mwaka. Tumbo tupu linatia shaka.

Na Mtanzania aanze na nani? Kentrosaurus, yule wa miiba mgongoni, na Giraffatitan, wa jamii ya brakiosauri, bila kusita. Mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, kwa jasho la mamia ya vibarua wenyeji, na Giraffatitan amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kwa miaka mingi aliitwa Brachiosaurus, ndiyo maana sanamu nyingi zenye jina hilo kwa kweli zina umbo la huyu wa Lindi. Kwa Kentrosaurus, tazama mgongo: vibao kuanzia shingoni, kisha miiba mirefu hadi ncha ya mkia.

Sanamu ikifika imepinda kwa joto la safarini, itumbukize kwenye maji ya moto mpaka ilainike, inyooshe, kisha ishikilie hivyohivyo ndani ya maji baridi mpaka igande.